Siku Mzee Alipoinyamazia Injini

Mtaa mzima ulimwita Mama Zipu, naye hakuchukia. Duka lake lilikuwa jembamba kiasi kwamba akinyoosha mikono aligusa kuta zote mbili, lakini ndani mlijaa kila kidude ambacho mshonaji hawezi kufanya kazi bila kuwa nacho: vifungo kwenye mitungi ya kioo, lasi, kulabu, mipira ya kiunoni, na zipu za kila urefu zilizoning'inia mlangoni hivi kwamba mteja mrefu hakuingia bila kupigwa usoni. Mafundi cherehani walimletea vipande vya kitambaa vya ukubwa wa ulimi. "Mama, nitafutie uzi wa rangi hii hii." Yeye alikisogeza kipande kwenye mwanga, akafinya jicho moja, kisha akachomoa uzi wenyewe bila kubahatisha. Kwa mambo ya rangi hakuna aliyebishana naye.

Mumewe aliitwa Dereva. Jina hilo lilimganda tangu alipokuwa akiendesha malori ya idara ya maji, na alipostaafu, kazi iliondoka lakini jina likabaki. Nyumbani walikuwa na gari moja tu, kuukuu, la dizeli, rangi ya maziwa yaliyoungulia kidogo, ambalo watoto wa jirani walilibatiza Mkohozi kwa sababu ya namna lilivyoamka asubuhi. Dereva alilinunua likiwa tayari limeshatumika na mwingine, akaliendesha mpaka namba za maili zikazunguka zote na kurudi sifuri. Siku hiyo alimpigia honi kila mtu aliyekutana naye njiani, kama mtu aliyepata mjukuu.

"Injini ya dizeli ya zamani haina hila," alipenda kusema. "Haina kompyuta ya kuninunia. Ipe mafuta safi, ipe hewa, ibadilishie oili kwa wakati, usiiache ichemke. Ikikataa kuwaka, jiulize umeinyima nini."

Alikuwa na masikio ya ajabu, na ugonjwa wa kuyatumia bila kuombwa. Wakiwa mezani gari likipita nje, aliinua kijiko: "Huyo nozeli zake zimechoka." Wakiwa kitandani: "Huyo anaendesha na mkanda uliolegea, atalala njiani." Siku moja walikuwa kwenye mazishi, watu wameinamisha vichwa, gari lililobeba jeneza likapita mbele yao polepole, naye akamnong'oneza mkewe, "Beringi ya pampu ya maji, hiyo." Mama Zipu alimfinya mkono mpaka akajikunja. Waliokuwa karibu walidhani ni uchungu wa msiba.

Kisha macho yakaanza kumsaliti.

Mwanzoni alikilaumu kioo cha mbele. Alikipangusa, akakiosha kwa sabuni, akabadilisha waipa. Halafu akazilaumu taa, akanunua balbu mpya. Mama Zipu aliyaona yote hayo akanyamaza, maana mumewe hakuwa mtu wa kuambiwa jambo kabla hajalifikia mwenyewe. Alilifikia alasiri moja kwenye taa za barabarani. Magari ya nyuma yalianza kupiga honi, kwanza moja, kisha yote kwa pamoja. Dereva alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele bila kusogea.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ni kijani?"

"Ni kijani, baba."

Akaondoa gari. Walifika nyumbani, akaegesha, akazima, akachomoa ufunguo na kuuweka kwenye kiganja cha mkewe. "Kajifunze," akasema. Kisha akaingia ndani akipapasa ukuta.

Hivyo ndivyo Mama Zipu, mwenye wajukuu watatu na magoti yanayolia akichuchumaa, alivyokwenda shule ya udereva na kukaa benchi moja na vijana waliomwita bibi. Alijifunza, akafanya mtihani, akapita. Lakini gari la shule lilikuwa la petroli, dogo, jipya, unaligusa tu linawaka. Mkohozi hakuwa mtu wa aina hiyo.

"Usiwe na pupa," Dereva alimwambia akiwa amekaa upande wa abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa maisha yake yote. "Washa swichi nusu. Unaiona taa ya hita? Ingoje izime. Inapasha moto vyumba vya ndani, dizeli haiwaki kwenye ubaridi. Imezima? Haya, piga stata."

Mkohozi akakohoa, akatikisika, akanguruma.

"Moshi una rangi gani?"

Mama Zipu akatazama kwenye kioo. "Mweupe."

"Unaisha?"

"Unaisha. Umeisha."

"Basi hiyo ni baridi ya asubuhi tu. Mweupe usipoisha na ukanuka utamu utamu, maji yanaingia, gasketi ya hedi imekwenda, hapo kaa chini ulie. Mweusi ni chujio la hewa limeziba, au nozeli zinakojoa badala ya kupuliza. Wa bluu, inakula oili."

"Bluu ipi, bluu ya sare za shule au bluu ya kanga iliyochuja?"

Dereva alifikiri. "Sijawahi kuulizwa hivyo," akakiri.

Wakaendesha namna hiyo kwa miezi, yeye macho, mumewe masikio. Akichelewa kubadilisha gia, Dereva aliguna. Akibadilisha mapema, aliguna pia. Waligombana njia nzima na kufika salama, na Mama Zipu, ingawa hakumwambia mtu, alianza kuupenda ule mngurumo mzito chini ya miguu yake.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji ni mfupi. Hospitali yenye mashine ya kuufanyia ilikuwa mji mwingine, mwendo wa asubuhi nzima. Walipangiwa tarehe. Dereva akapata mafua. Wakapangiwa nyingine. Dereva akakumbuka kwamba mkanda wa taimingi haujabadilishwa siku nyingi, na hawezi kumruhusu mkewe asafiri na mkanda mkuukuu. "Ukikatika njiani, valvu na pistoni zinagongana. Injini kwisha." Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo hakuna aliyembishia. Mkanda ulibadilishwa, tarehe ikapita. Wakapewa ya tatu, na muuguzi kwenye simu alimwambia Mama Zipu kwa upole kwamba mzee asipokuja safari hii, itabidi arudi nyuma kabisa ya foleni.

Siku moja kabla ya safari, Mama Zipu alifunga duka mapema ili akajaze mafuta. Begi lilikuwa tayari sebuleni. Aliingia garini, akangoja taa ya hita, akapiga stata. Mkohozi akawaka vizuri kabisa, akanguruma kidogo, halafu akaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, akazima.

Akajaribu tena. Stata ilizunguka na kuzunguka. Moshi mweupe kidogo ulitoka nyuma, ukakata. Akajaribu tena. Hakuna kitu. Akatazama kibarazani: Dereva alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, redio mapajani, uso umeelekea kwingine.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

Akangoja. Dereva aliongeza sauti ya redio.

Mama Zipu alikwenda kumwita fundi wa magari wa pale kona. Alikuwa fundi mzuri na mtu wa heshima, ila alizoea magari ya petroli ya siku hizi. Alikuja na betri yake ya akiba, akaifunga kwenye ile iliyokuwa imeanza kuchoka, akazungusha stata mara kadhaa huku ameinamisha kichwa kwenye boneti. Mwishowe akanyooka, akajifuta mikono taratibu, na kwa ule utaratibu wa kujifuta Mama Zipu alijua anachokuja kuambiwa.

"Mama yangu, sitaki kukudanganya. Naona kompresheni imekwisha, haikandamizi hewa tena. Injini imekula chumvi nyingi hii. Ni kuifumua yote, au kutafuta nyingine."

"Leo haiwezekani?"

"Leo? Hata wiki hii haiwezekani."

Kutoka kibarazani Dereva alisema, "Si mnaona. Imechoka, na ina haki ya kuchoka. Mpigie simu muuguzi, mwambie gari limekufa."

"Tutapanda basi," Mama Zipu alisema.

"Basi! Nikishapasuliwa jicho nikasukumwe mlangoni na watu wenye magunia? Hapana. Tutakwenda mwakani."

Fundi akakusanya vifaa vyake, akaacha betri palepale akisema ataifuata jioni, akaenda zake. Mama Zipu aliingia jikoni, akaegemea meza. Machozi yakamtoka. Akampigia simu binti yao, aliyekuwa akifanya kazi mbali.

"Limekufa, mwanangu. Fundi amesema injini imekwisha."

"Pole, mama. Si nilisema muliuze? Sasa baba anasemaje?"

"Anasema twende mwakani."

"Siulizi safari. Anasemaje kuhusu injini? Amesema imefanya nini?"

Mama Zipu alitazama mlango wa kibarazani. "Hajasema kitu."

"Nani? Baba?"

"Hajasema kitu."

Mtu ambaye alitambua beringi ya gari la maiti katikati ya sala, gari lake mwenyewe limekufa mbele ya kibaraza chake na hana la kusema.

"Mama," binti alisema polepole, "baba anajua."

Mama Zipu alikata simu bila kuaga. Alitoka kibarazani, akaizima redio, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe magoti yakigusana na magoti.

"Baba, injini ina nini?"

"Fundi si amekwambia?"

"Simuulizi fundi. Nakuuliza wewe."

Dereva aligeuza uso. Mama Zipu akamshika kidevu, akaurudisha. Macho yale yalikuwa na utando wa kijivu katikati, rangi ambayo angeweza kuitafutia uzi dukani na kuipata. Alingoja. Alikuwa amemngoja mtu huyu maisha yake yote, malori yalipoharibika porini na mvua zilipokata barabara, na hakushindwa kumngoja hapa.

"Imevuta upepo," Dereva alisema mwishowe.

"Upepo?"

"Hewa imeingia kwenye njia ya mafuta. Ikiwaka, inakula yale mafuta yaliyobaki kwenye pampu, halafu inameza hewa, inazima. Kompresheni ingekuwa imekwisha isingewaka hata ule mwanzo, na stata ingezunguka kirahisi kama feni. Mimi nimeisikia. Inazunguka kwa uzito wake. Injini nzima."

"Na ulikaa hapa ukaniacha nilie."

"Hukulia."

"Nimelia jikoni."

Vidole vya Dereva vilikuwa vikibonyeza vitufe vya redio iliyozimwa, kimoja kimoja.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kuguna njiani. "Sasa hivi naona kivuli. Nakuona umekaa hapo, sioni sura lakini nakuona ni wewe. Wataingiza kisu kwenye jicho. Mkono wa daktari ukiteleza? Hata hiki kivuli nitakikosa. Gari lilipozima, nilishukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru."

Mama Zipu alikuwa amejiandaa kugomba. Badala yake akaitoa redio mapajani mwa mumewe, akaiweka chini. Watu walikuwa wamempa mumewe moyo kwa kumwambia ni upasuaji mdogo, hata watoto wanaweza, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaogopa.

"Na mimi naogopa," akamwambia. "Naogopa ile njia, naogopa malori yakinipita."

"Wewe? Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Dereva alicheka, kicheko kifupi cha puani. Akanyoosha mkono, akaupata mkono wa mkewe.

"Nikikuahidi kwamba nitakuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji muda wote?" Mama Zipu akauliza.

"Hawataruhusu."

"Nitakuwa mlangoni. Wataniruka."

Dereva alivuta pumzi ndefu. Halafu akasimama, akapapasa ukuta mpaka kwenye gari. "Haya, njoo," akasema. "Fungua boneti. Jua halijazama bado."

Akaweka kiganja juu ya injini kama mtu anayempima mtoto joto. "Juu ya hedi, kichwa cha injini, kuna nozeli nne za kupulizia mafuta zimejipanga. Zimeunganishwa na vijibomba vyembamba vya mpira vilivyofumwa uzi kwa nje. Hivyo vinarudisha mafuta ya ziada kwenye tangi. Vikizeeka vinapasuka, na pale mafuta yanapotoka, hewa inaingia. Pitisha kidole chini ya kila kimoja. Palipolowa, ndipo."

Mama Zipu alipitisha kidole. Cha kwanza kikavu. Cha pili kikavu. Cha tatu kilikuwa na utelezi, na alipokiinua puani kidole kilinuka dizeli. Akakipinda kile kijibomba, na mwanya ukafunguka upande wa chini, mwembamba kama tundu la kifungo lililoshonwa vibaya.

"Nimeupata," akasema, na hakuweza kuizuia sauti yake isipande. "Baba, nimeupata!"

"Kwenye boksi la vifaa kuna mpira mpya, nilinunua zamani. Kata vipande, badilisha vyote, kimoja kikipasuka ndugu zake wako njiani. Unahitaji kisu kikali sana, ukikata vibaya patavuja tena."

Kisu cha nyumbani hapo kilikuwa butu. Mama Zipu alisita, kisha akaingia ndani na kutoka na mkasi wake wa kitambaa, ule ambao hata binti yake hakuruhusiwa kuukatia karatasi. Dereva alisikia mlio wake.

"Si ule mkasi?"

"Nyamaza kabla sijabadili mawazo."

Alikata vipande sawasawa, akavisokomeza mahali pake kwa vidole vilivyozoea kupitisha mpira kwenye pindo. Kisha Dereva akamwelekeza kwenye pampu ndogo ya mkono juu ya chujio la dizeli. Akaibonyeza na kuibonyeza, mwanzoni laini, halafu ikaanza kuwa ngumu. "Ikiwa ngumu, mafuta yamefika." Akalegeza nati za nozeli kwa spana. Dereva akaingia garini kupiga stata, yeye akasimama na kutazama mapovu yakitoka, povu, povu, halafu dizeli tupu. "Kaza!" mumewe akapaza sauti. "Kaza zote, moja baada ya nyingine!"

Walipiga stata tena, na betri mbili zilikuwa zimeanza kusinzia. Ikazunguka kwa uvivu. Ikazunguka. Mama Zipu alikuwa ameshikilia ukingo wa boneti kana kwamba angeweza kuisukuma. Kisha silinda moja ikashika, ya pili ikajibu, gari zima likatikisika, na Mkohozi akanguruma, akaendelea kunguruma, hakuzima.

Fundi wa kona alikuja akikimbia na chakula bado kipo shavuni. Alisimama, akasikiliza, akatazama mikono ya Mama Zipu iliyojaa grisi mpaka viwikoni, akaangua kicheko. "Mama, hapa leo nimejifunza kitu," akasema. "Nimeshindwa na wewe na mzee wangu." Na betri yake akawaachia kwa safari, ikae kwenye buti, ikitokea lolote.

Waliondoka kulipopambazuka. Njia ilikuwa ndefu na malori yalipita kama Mama Zipu alivyohofia, lakini Mkohozi alipanda vilima vyake kwa gia ya tatu bila kulalamika, sindano ya joto imetulia katikati, na Dereva hakuguna hata mara moja. Alikuwa ameshika mpini wa mlango na midomo yake ilikuwa ikitembea. Mkewe hakumuuliza anasema nini.

Hospitalini walimchukua. Mama Zipu alikaa kwenye benchi mkabala na mlango wa chumba cha upasuaji, na muuguzi alipomwambia kuna sehemu ya kusubiri yenye viti vizuri, alimjibu kwamba hapa panamtosha. Watu walimruka miguu. Walipomtoa mumewe, jicho la kulia, walilolianza, limefunikwa pamba na plasta, alikuwa anasinzia. "Hata sikusikia kitu," alinung'unika. "Nilisikia jenereta lao tu. Linahitaji chujio la hewa." Mama Zipu alijikuta anacheka na kulia kwa wakati mmoja, mbele ya kila mtu, wala hakuona haya.

Asubuhi iliyofuata daktari alibandua plasta. Dereva alifumba, akafumbua. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza pande zote. Kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu, kutoka kwenye kilemba mpaka chini, na Mama Zipu, ambaye hakuwa ametazamwa hivyo kwa muda mrefu sana, alishikwa na aibu ya msichana.

"Mama," Dereva akasema.

"Abee."

"Mbona umevaa viatu visivyofanana?"

Alitazama chini. Kimoja cha kahawia, kingine cheusi. Alikuwa amevivaa gizani alfajiri ya jana na kukaa navyo mbele ya hospitali nzima, yeye, malkia wa rangi, bila mtu kumwambia. Daktari alijitahidi asicheke, akashindwa. Mama Zipu alishusha pumzi, pumzi ambayo ni kama alikuwa ameizuia tangu siku ile ya kwenye taa za barabarani, akaketi kitandani kando ya mumewe.

Wakati wa kurudi, Dereva alisoma. Alisoma kila kibao kilichopita dirishani, kwa sauti, kama mtoto aliyeanza shule. "Duka la Dawa. Hapa Hakuna Maegesho. Kinyozi wa Kisasa. Tunauza Kuku wa Mayai. Mlima Mkali, Punguza Mwendo." Alisoma namba za magari yaliyowapita na maandishi nyuma ya malori. Mwanzoni Mama Zipu alifurahi, baadaye akamsihi anyamaze kidogo ili apate kusikia injini.

"Injini iko salama," mumewe akamjibu bila kugeuka. "Wewe endesha. Viazi Vipo. Fundi Viatu. Ona, mama, yule ameandika 'Karibuni' kwa herufi za kijani."

"Kijani ipi?" akamuuliza, akibadilisha gia.

Dereva akasogeza uso karibu na kioo, akatazama kwa makini, asije akakosea.